Zulmira na Mijusi wa Ng'ambo Mbili

Mzee Otacílio alifariki Jumanne, na Jumatano asubuhi tulikuwa tumejazana sebuleni kwa binti yake mkubwa, Dejanira, tukisali rozari ya tatu, ndipo ikaonekana kwamba binti mdogo hayupo. Binti mdogo ni Zulmira, shoga yangu tangu tulipoolewa kijiji kimoja. Dejanira alinitazama, nami nikainuka kwenda kumtafuta.

Nilimkuta nyuma ya jiko. Amevaa gauni jeusi la kuazima, amepiga magoti mbele ya ukuta wa udongo, pua yake imekaribia kuugusa.

"Nevinha, njoo uone," alininong'oneza. "Amelilamba jicho lake."

Ukutani alikuwepo mjusi kafiri, wa kawaida kabisa, wa rangi ya uji uliolala.

"Zulmira, wenzako wanasali."

"Najua. Lakini mtazame. Hana kope. Wale wa mawe wanafumba macho, nimewaona. Huyu hawezi. Vumbi likimwingia itabidi alifute na nini, kama si ulimi?"

Kugeuka, Dejanira alikuwa ameshasimama nyuma yetu.

"Baba yumo kwenye jeneza," alisema polepole, "na wewe umekuja kutazama mjusi."

Zulmira aliinuka, akajikung'uta magoti.

"Tukishamzika," Dejanira akasema, "rudi kwako mchangani. Na huku usirudi tena."

Jioni ile, baada ya mazishi, tulivuka mto kwa mtumbwi, yeye, mumewe Adauto na mimi. Katikati ya maji aliniambia, bila kunitazama, "Nikikitazama kitu vizuri silii. Nilitaka nisilie." Nilimwambia angemweleza dada yake hivyo. Akasema angemwelezaje mtu ambaye ameshafunga mlango. Miaka tisa ikapita. Mto São Francisco pale kwetu una upana wa kuimba nyimbo mbili huku unapiga kasia, na Zulmira hakuuvuka hata mara moja.

Sasa nieleze Zulmira alikuwa mtu wa namna gani. Alizaliwa ng'ambo ile, Pedra Chata, kwenye ardhi ya mawe na miti ya umbu. Aliolewa ng'ambo hii, Barra do Angico, ambako mchanga umejikusanya vilima kwa vilima mpaka unasahau kwamba kuna mto karibu. Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa na tabia ya kukuacha ukiongea akainama kuokota kitu. Alifuga mbuzi kama arobaini. Kusoma alijifunza mpaka darasa la tatu. Kuhesabu alijua vizuri, kwa sababu mbuzi hutoroka.

Na alikuwa mchunaji wa teiú. Teiú ni mjusi mkubwa kama kenge mdogo, na kwetu huliwa. Nyama yake nyeupe kama ya kuku, na mafuta yake watu huyapaka wakiumwa koo. Adauto na mbwa wake waliwaleta, Zulmira aliwachuna. Wanawake wengine tulichuna tukifikiria chakula. Yeye alichuna akisoma. Alijua kwamba kichwani teiú ana mabamba makubwa yaliyopangwa kama vigae, mgongoni ana vigamba vidogo kama punje za mtama, na tumboni magamba ya pembe nne, safu kwa safu, kama sakafu ya kanisa. Alijua kwamba chini ya mapaja kuna mstari wa vitundu. Aliujua ule ulimi mrefu wenye ncha mbili.

"Ukinifumba macho ukanipa mguu wa teiú, nitakwambia," alisema siku moja.

"Nani atakufumba macho akupe mguu wa teiú?" Adauto aliuliza. Alikuwa mtu mpole, mwenye utani mkavu.

Kutoka teiú akaingia kwa wengine. Kwenye rafu moja ya jikoni aliondoa vikombe, akapanga chupa, na ndani ya kila chupa mjusi mmoja kwenye pombe kali ya miwa. Adauto alilalamika kidogo kuhusu ile pombe, kisha akazoea. Walikuwemo calango, wale wa kwenye mawe wanaotikisa vichwa kama watu wanaokubali kila kitu: magamba yao yana ncha, shingoni wana vimifuko vilivyojaa utitiri mwekundu, na ulimi wao ni mnene, hauna ncha mbili. Alikuwemo mjusi kafiri mwenye vidole vya kunata. Alikuwemo yule mvivu wa mitini, ambaye kila jicho linakwenda upande wake kama la kinyonga, na mkia wake ukiuvuta haukatiki.

Hakuwapanga kwa ukubwa wala kwa rangi. Nilimuuliza kwa nini calango mweusi na calango mwenye madoa wamekaa pamoja, wakati mweusi anafanana zaidi na yule wa chupa ya pili.

"Rangi ni nguo," alisema. "Mimi natazama ulimi, kope, tumbo na mapaja. Hivyo havibadilishwi kila siku."

Mwisho wa rafu ilikaa chupa moja iliyowatisha wageni. Kwenye vilima vyetu anaishi kiumbe mwembamba kama penseli, anayeogelea chini ya mchanga. Watu wa Barra do Angico walimwita nyoka wa mchanga, na walisema akikugusa kisigino jua halizami ukiwa hai. Kila aliyemwona alimpiga jembe. Adauto alimpiga mmoja karibu na zizi, akamtupa, na Zulmira akaenda kumwokota kwa vidole viwili.

Alikaa naye mlangoni nusu siku. Kisha akaniita.

"Shika hapa. Karibu na mkia. Unaona nini?"

"Sioni kitu."

"Tazama tena."

Nikatazama. Pembeni, palipostahili kuwa na nyonga, palikuwa na kijiti, kidogo kuliko punje ya mchele uliovunjika. Upande wa pili, kijiti kingine.

"Ni miguu," alisema. "Ya mbele imekwisha kabisa. Ya nyuma imebaki hii. Na macho yake yamefunikwa na gamba, kama kioo cha saa. Na tazama kichwani, yale mabamba. Ulimi una ncha mbili. Nevinha, huyu ni mtu wa ukoo wa teiú."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Teiú ana urefu wa mkono wangu na mashavu kama ya padri wetu wa zamani. Kijiji kizima kilicheka. Sokoni walimwuliza kama mbuzi wake ni ukoo wa kiroboto. Yeye aliinua mabega tu, na yule kiumbe akawekwa kwenye rafu, chupa ya kwanza kushoto kwa teiú mtoto.

Mwaka huo wa tisa, ukame mkubwa ulipokwisha, alikuja kwetu mwanamke kutoka chuo kikuu cha kusini, Profesa Leocádia. Alikuwa mrefu, ameungua na jua, kofia yake imefungwa kwa kamba ya viatu. Alipewa chumba shuleni. Siku tatu mfululizo alichimba vilimani, na jioni alirudi na calango tu, ambao hata paka wetu huwakamata. Siku ya nne alikwenda kwa Zulmira kununua maziwa, nami nilikuwepo, ninachambua maharage.

Aliingia jikoni, akaiona rafu, akasahau maziwa.

"Nani amepanga hizi?"

"Mimi. Kama pombe inakukera tutoke nje."

"Mama, pombe hainikeri." Alikuwa ameshatoa kioo chake cha kukuzia. Akaenda chupa kwa chupa, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Alipofika kwa teiú na yule wa mchangani, akasimama. "Kwa nini hawa wawili wamekaa pamoja?"

Mimi nikainamia maharage yangu ili nisicheke. Zulmira akaeleza: mabamba ya kichwa, ulimi. Alieleza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuchekwa, akimalizia haraka.

Profesa hakucheka. Alivuta kigoda, akaketi.

"Sisi tuna jina la wenzake hawa," alisema. "Tunawaita teiú wadogo. Tumebishana miaka mingi vyuoni kama ni ukoo mmoja na teiú wakubwa au ni koo mbili jirani. Nani alikufundisha?"

"Nachuna," Zulmira akasema.

Wakaenda kwenye chupa nyingine, na hapo Zulmira akapata alichokuwa hajapata maishani, mtu wa kubishana naye. Kwa mfano, yule tunayemwita nyoka wa vichwa viwili, mnene, wa rangi ya waridi, ambaye mkia wake umebutuka kama kichwa. Zulmira alikuwa amemweka pamoja na yule wa mchangani, kwa kuwa wote wanaishi chini na wote wamekosa miguu.

"Hapana," alisema Profesa. "Tazama mwili wake. Una pete pete kama nyungunyungu. Ana matundu ya masikio?"

Zulmira akatazama muda mrefu. "Hana."

"Kukosa miguu si undugu. Wengi wamepoteza miguu, kila mmoja kwa wakati wake. Huyu, sisi wenyewe hatujakubaliana tumweke wapi."

"Basi nimekosea," alisema Zulmira, akaihamisha chupa mpaka mwisho wa pili wa rafu, peke yake. Sikuwahi kumwona mtu akifurahi hivyo kuambiwa amekosea.

Kesho yake alimpeleka vilimani na chekeche la unga wa muhogo. Alimwambia aache sururu, maana kelele za chuma zinawashusha chini zaidi. Alimwonyesha alama za asubuhi juu ya mchanga, mistari ya mawimbi inayoishia chini ya kichaka. Pale wanateka mchanga kwa kibuyu, wanachekecha, na chekecheni anabaki mjusi anayemeremeta, anapapatika, anatafuta pa kuzama kwa pua yake iliyochongoka kama koleo. Walipata saba kabla ya chakula cha mchana. Profesa aliwashika kiganjani na wala hakuugua. Habari hiyo ilienea haraka kuliko habari ya ulimi wowote.

Jioni, wakinywa kahawa, Zulmira alisema, "Wa ng'ambo ni wengine."

"Ng'ambo ipi?"

"Kwetu, Pedra Chata. Nyuma ya mawe kuna mchanga kidogo, na wapo. Nilimshika mmoja nikiwa msichana. Mgongo wake ulikwaruza. Hawa ni laini kama ukucha."

Profesa alitabasamu kwa adabu. Alisema wenzake wa chuo kikuu wamewahi kupita ng'ambo ile, wakaandika kwamba ni walewale. Alisema pia, bila ubaya, kwamba kumbukumbu ya kidole baada ya miaka thelathini na mitano haiwezi kuwekwa kwenye chupa.

"Basi twende tukamchukue," akasema Zulmira, na baada ya kusema ndipo akasikia alichosema.

Usiku ule hakula. Adauto alinisimulia kwamba alikaa kitandani akijisugua kidole gumba kwa kidole cha shahada. Alfajiri akaja kwangu.

"Unanisindikiza?"

"Kwa Dejanira?"

"Mchanga uko nyuma ya nyumba yake. Ningefanya nini?"

Tulivuka watatu, Profesa akiwemo. Dejanira alikuwa mlangoni anafagia. Nywele zilikuwa nyeupe kichwa kizima. Tulipomwacha zilikuwa nyeusi. Alimwona mdogo wake anapanda njia na chekeche kwapani, akaendelea kufagia mpaka Zulmira alipofika karibu.

"Umekuja kuomba unga?"

"Nimekuja kuomba mchanga."

Dejanira aliegemea ufagio. Alimtazama Profesa na ile kofia yake, akanitazama mimi, akarudi kwa Zulmira.

"Miaka tisa. Na kilichokuleta ni mjusi."

"Ndiyo, dada."

"Si mimi."

"Ningekuja kwa ajili yako ukanifukuza, ningeumia. Ukinifukuza kwa ajili ya mjusi, nitavumilia."

Nilimwona Dejanira akiuma mdomo kwa ndani. Kisha akatukaribisha, Profesa na mimi, akatumiminia kahawa vikombe viwili. Zulmira hakupewa. Akapita pembeni mwa nyumba na chekeche lake, akaanza kazi.

Walichekecha asubuhi yote. Hakuna kitu. Profesa alitokwa jasho, akabadilisha kichaka, akabadilisha tena. Mimi nilikuwa jikoni namenya muhogo na Dejanira, ambaye kila baada ya dakika mbili alikwenda dirishani. Mwishowe alishindwa.

"Hapo hamtapata," alipaza sauti. "Wako chini ya kichaka cha miiba, nyuma ya zizi. Nikifagia majani asubuhi wanatoka wanateleza."

Zulmira aliinua kichwa. "Unawaona?"

"Kila siku. Nina macho."

"Na huwaui?"

"Kwa nini niwaue? Wanakula mchwa." Akafuta mikono kwenye aproni, akatoka. "Lete hicho. Unashika chekeche kama mtu anayebembeleza mtoto."

Alipiga magoti mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini na mbili, akateka mchanga kwa viganja, akachekecha mara tatu. Wa kwanza alitoka na mkia uliokatika zamani na kuota upya. Wa pili alikuwa mzima. Zulmira alimchukua, akampitisha kidole gumba mgongoni, kutoka mkiani kwenda kichwani. Akafumba macho. Kisha akampa Profesa.

Profesa naye akapitisha kidole. Akatoa kichupa cha jana chenye mjusi wa ng'ambo yetu, akapitisha kidole, akarudi kwa huyu. Akakaa chini mchangani pale pale na kioo chake.

"Kila gamba lina mgongo katikati," alisema. "Kama mtumbwi uliopinduliwa. Wale hawana." Kisha, kwa sauti ndogo, "Walioandika hawakugusa. Walihesabu miguu wakaondoka."

"Nipe na mimi," alisema Dejanira.

Akapewa wote wawili, mmoja kila mkono. Alifumba macho kama mdogo wake alivyofumba, na hapo ndipo nilipoona jinsi wanavyofanana, jambo ambalo sikuwa nimeliona kamwe, kwa sababu mmoja ni mrefu na mwingine mfupi.

"Si walewale," alisema Dejanira. "Mtu yeyote angejua." Akawarudisha. Halafu akamgeukia Zulmira. "Siku ile ya baba. Ulikuwa unatazama nini hasa?"

Zulmira alikung'uta mchanga wa chekeche. "Mjusi kafiri. Hana kope. Hawezi kufumba macho, na mimi nilikuwa nataka nisiyafumbe, kwa sababu nikiyafumba nilimwona baba."

"Ungesema."

"Ulikuwa unanifukuza."

"Ungesema hivyo hivyo ukifukuzwa," Dejanira alisema, akaenda ndani. Alirudi na kikombe cha tatu. Kahawa ilikuwa imepoa, sukari guru imeganda chini. Zulmira akaimaliza yote, hata ile iliyoganda.

Sitasema kwamba kuanzia siku ile waliishi kama wasichana. Waligombana kabla hatujaondoka, kuhusu nani alimwonyesha mwenzake yule mjusi wa utotoni. Dejanira alidai ni yeye. Lakini wiki iliyofuata mwenye mtumbwi alileta kutoka kwa Dejanira chupa yenye karatasi: mjusi wa mtini, mkia mrefu, hataki kukatika, nimejaribu. Zulmira akajibu kwamba huyo anamfahamu tangu zamani na asijaribu tena. Chupa zikawa zinavuka huku na huku karibu kila wiki, na mwenye mtumbwi akawa anauliza kama zina pombe nzuri.

Profesa alirudi mara mbili, akachekecha ng'ambo zote mbili, akahesabu safu za magamba ya mamia ya mijusi. Mwaka wa tatu ikaja barua. Alisema wakubwa wenzake wamekubali kwamba wa Barra do Angico na wa Pedra Chata ni aina mbili, na kwamba ile ya Pedra Chata ilikuwa haijaandikwa na mtu yeyote. Imepewa jina la Kilatini kutokana na magamba yake. Aliomba radhi: alitaka kumpa jina la Zulmira, lakini wenzake walitaka jina linaloeleza mwili.

Nilimsomea barua hiyo mimi, maana mwandiko ulikuwa wa kubanana. Nilidhani atasikitika.

"Afadhali," alisema. "Wangesema Zulmira hana mikono, Zulmira anakula mchwa. Dejanira angewasaidia." Akaniomba nisome tena sehemu ya magamba. Kisha akasema, "Hakujibu swali langu."

"Swali lipi?"

"Nilimwuliza kwa nini miguu ya mbele iliondoka kwanza. Wote, wa huku na wa kule, wamebakiza ya nyuma. Mimi ningekuwa naingia mchangani kwa kichwa, ningeona ya mbele inanizuia. Lakini kwa nini basi ya nyuma haijamalizika? Inamfaa nini?"

Nikaitazama barua mbele na nyuma. Chini kabisa, kwa kalamu nyingine, Profesa alikuwa ameandika: kuhusu miguu ya nyuma, hatujui.

Zulmira alikasirika siku mbili. Alisema watu wana majumba ya ghorofa na vioo vya kukuzia na hawajui. Siku ya tatu nilipita kwake na sikumkuta jikoni. Nilimkuta kilimani, amekaa mchangani, amemweka mjusi mmoja juu ya karatasi nyeupe, na amekaribisha uso mpaka pumzi yake inamtikisa. Alinyoosha mkono nyuma bila kunitazama, kunizuia nisimtie mjusi kivuli.

"Ngoja," alisema. "Kijiti kimoja kimesogea."